Mashine Moja ya Kageha

Ukiuliza Kianda nzima, kule Kibera, juu ya Kageha, utaambiwa ni yule mama wa mashine moja. Utaambiwa kwa huruma kidogo, kisha utaelekezwa vizuri: ukitoka stendi ya Olympic teremka, pita kinyozi, pita kwa mama wa viazi karai, utaona kibao kimeandikwa kwa rangi ya mlango TUNAREKEBISHA SWETA ZILIZORARUKA. Herufi mbili za mwisho zimebanana ukingoni kwa sababu aliyeandika hakupima. Ndani utamkuta mwenyewe, mama wa Kimaragoli wa miaka arobaini na minane, mchache wa maneno, anasukuma mpini wa mashine ya kufuma kushoto na kulia. Juu ya kichwa chake bati linavuja, na chini ya tundu kuna beseni.

Basi mimi nakwambia huyo mama alikuwa na mashine sita.

Hakuiba hata moja. Zote alizinunua mitumba, moja moja, kwa miaka kumi na moja, na sweta zilizotoka humo zimewakinga na baridi watoto wengi kuliko unavyodhani. Ila hazikukaa pamoja. Moja ndiyo hiyo ya dukani. Ya pili ilikuwa kwenye chumba anacholala, imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake imewekwa televisheni. Mbili zilikuwa Sarang'ombe kwa Adero, mama kijana kutoka pande za ziwani, aliyefuma pamoja na dadake. Mbili za mwisho zilikuwa mbali kabisa, Kawangware, kwa Mercyline, mke wa kaka yake Kageha, aliyesaidiana na jirani. Kageha alipeleka uzi kwa gunia na kurudi na vipande vya sweta kwa gunia lile lile. Ukikutana naye njiani na gunia ulidhani anabeba makaa.

Sababu ya yote hayo ilikuwa inaitwa Kiragu.

Kiragu ndiye mwenye nyumba. Ana miaka sitini na kitu, anakaa Dagoretti, na pale Kianda ana vyumba kumi na vinne vya mabati, tisa vya kulala na vitano vya biashara. Kodi ya M-Pesa haitaki. Anasema M-Pesa haina macho. Kila tarehe tano anakuja mwenyewe kwa miguu, kofia kichwani, anaingia chumba baada ya chumba, anasalimu, anauliza habari za watoto kwa majina, anapokea kilicho chake, halafu anasimama kidogo. Wapangaji hawakuogopa kulipa. Waliogopa kule kusimama kidogo. Mukhwana, fundi viatu wa mlango wa pili, alipaka mlango wake rangi ya buluu kwa ajili ya Krismasi, na Januari kodi yake ikaongezeka mia tano. Kinyozi aliongeza kioo cha pili. Akaongezewa na yeye. Kiragu hafanyi hivyo kwa ubaya, tena anakupa mkono. Anasema, "Naona Mungu amekukumbuka. Twende pamoja."

Basi watu wa mstari ule walijifunza. Mlango ukichakaa unaachwa uchakae. Kibao kikififia kinaachwa kififie. Mwenye friji anaifunika gunia. Ukipita pale utasema huu ni umaskini, na ni kweli upo, lakini mwingine ni mipango.

Kageha alikuwa na kipaji cha mambo hayo kuliko wote. Hakumficha Kiragu peke yake. Alilificha kanisa, lisije likampandisha kwenye meza ya mbele siku ya harambee. Alizificha nyumba tatu za mashemeji kule Vihiga, ambako habari ya mashine ya pili ingefika kabla mashine yenyewe haijashushwa kwa boda. Akiulizwa hali, alijibu "tunasukuma tu," na hilo, ukifikiria kazi yake, halikuwa uongo.

Mashine zile alizificha hata mbele ya elimu. Kibera huwa inaulizwa maswali sana, labda kuliko mahali pengine popote chini ya jua. Mwaka jana alikuja msichana mmoja wa chuo kikuu anaitwa Audrey, mpole, ana simu yenye maswali arobaini na mawili, anafanya utafiti juu ya mambo yanayofanya biashara ndogo ikue au isikue. Akauliza una mashine ngapi. Moja. Wafanyakazi? Hakuna, ni mimi na Mungu. Je, tangu uanze biashara imekua? Kageha akaangalia bati, akaangalia beseni, akamwacha msichana naye aangalie. Swali la mwisho lilikuwa ni nini hasa kinazuia ukuaji. Kageha alijibu mtaji, maana alikuwa ameshahojiwa mara nne na alijua jibu hilo ndilo linalopendwa. Audrey alishukuru, akampa mche wa sabuni, akaenda kwa Mukhwana, ambaye naye alisema mtaji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kageha ilikuwa imekwenda miaka kumi na moja na ilikuwa bado lami.

Ila kulikuwa na jambo linamuuma, na hili lazima ulijue. Sweta zake alimuuzia mwenye duka mmoja wa Kawangware, kwa dazeni. Mwenye duka alizipokea, akakata uzi mmoja shingoni, akashona lebo yenye jina lake mwenyewe, akauza mara mbili ya bei. Kuhusu bei Kageha alinung'unika kama kila mtu. Lile jina ndilo lilimchoma. Siku moja alisimama nje ya lango la shule kule Kawangware akimngoja Mercyline, watoto wakatoka mbio, sweta zote za kijani kibichi na mstari wa njano, na yeye alizijua moja moja, hii mikono ni ya Adero, hii nilifuma mimi wiki ile ya mvua. Mtoto mmoja alianguka mbele yake. Alipomwinua alimwona yule mwenye duka amekaa shingoni kwa herufi nyekundu. Usiku wa siku hiyo hakula. Alimwambia mwanawe Benard kwamba tumbo linamsumbua.

Kwa hiyo Oktoba hii, Mercyline alipompigia simu na kusema shule ile inatafuta mtu wa kuwafumia moja kwa moja, bila duka katikati, Kageha alikaa chini. Mercyline ana mtoto pale. Alikuwa amemsikia mhazini wa shule, Bwana Mutie, akilalamika mbele ya wazazi kwamba sweta imekuwa ghali kuliko daftari zote za muhula. Akamfuata pembeni akamwambia, mimi namjua anayezifuma. Sweta mia nne na hamsini kabla shule kufunguliwa Januari, na shingoni lebo ya mfumaji.

"Lebo ya nani?" Kageha aliuliza.

"Yako, wifi. Nimesema yako."

Kageha akamwomba aseme tena.

Kulikuwa na sharti moja. Bwana Mutie alitaka kuja Kianda, aone karakana kwa macho yake, mashine zisipungue tano, na zote mahali pamoja. Alikuwa na sababu zake. Mwaka uliopita alikwenda kukagua kikundi fulani cha kushona sare, akaoneshwa cherehani kumi zinanguruma, akatoa malipo ya kwanza, na aliporudi baada ya wiki mbili alikuta mahali pale wanakaanga kuku. Cherehani zilikuwa zimekodiwa kwa siku moja. Tangu siku hiyo, alisema, haamini mashine, anaamini sakafu.

Siku ikapangwa, Alhamisi ya tarehe kumi na sita. Kageha aliichagua mwenyewe kwa sababu iko mbali na tarehe tano, mbele na nyuma. Mpango ulikuwa mwepesi: asubuhi mashine zote zije dukani, Mutie aje aone, aridhike, aende zake, na jioni kila mashine irudi kwake. Kiragu angekuja Novemba akute mashine moja na beseni lake.

Sasa sikiliza kosa alilofanya, maana mwerevu hujikwaa pale pale anapopajua. Jumatatu alitazama lile bati, akaona aibu. Mgeni mkubwa atakaa chini ya tundu? Akampigia Kiragu simu. "Mzee, ile bati bado inavuja." Alikuwa amelilalamikia bati hilo kwa miaka mitatu, na kila mara Kiragu alimjibu atakuja wiki hii. Safari hii pia alijibu atakuja wiki hii. Kageha akaweka simu chini, akatafuta beseni jipya.

Alhamisi kulipopambazuka, mashine za Kawangware zilifika kwa boda mbili, kila moja imefungwa blanketi na kulazwa kati ya dereva na mwanamke aliyeishika. Za Sarang'ombe zilikuja kwa mkokoteni. Ile ya chumbani Benard aliibeba begani, televisheni ikaachwa sakafuni. Majirani walitoka kutazama. Hakuna aliyeshangaa. Walijua tu kwamba Mama Benard amepata wageni wa shirika, na wageni wa shirika wakija watu husaidiana: huyu huazima mashine, yule huazima viti. Sella, jirani wa nyuma, alikuja na wanawe mapacha wameoshwa uso.

"Utawahitaji?" akauliza. "Wakiambiwa wakae kimya wanakaa."

"Asante, mama. Leo hapana."

"Sawa. Wako nyumbani."

Walipanga mashine tatu upande huu, tatu upande ule. Chumba kikajaa. Adero na dadake wakasalimiana na Mercyline na jirani yake kwa adabu ya watu waliokutana kanisani, kwa sababu hata hawakuwa wamewahi kuonana. Miaka saba Adero alifuma mikono na Mercyline akafuma vifua, na Kageha peke yake ndiye aliyeviunganisha.

"Mathe," Adero alisema, akitazama mashine zote sita, "mimi nilidhani tuko watatu. Kwani sisi ni kampuni?"

"Fuma," Kageha akamjibu. Lakini yeye mwenyewe alisimama mlangoni akizitazama. Hakuwa amewahi kuziona pamoja. Zilipoanza kulia nne kwa wakati mmoja alilazimika kugeuka nje, ajifanye anaangalia barabara.

Bwana Mutie alifika saa nne, mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyopigwa brashi. Alisalimu. Hakukaa. Alikwenda kwa kila mashine, akashika sweta, akavuta mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Kageha akaanza kupumua. Kisha mhazini akainama, akatazama sakafu.

Sakafu ilikuwa ya saruji. Chini ya mashine moja, ile ya dukani, miguu ya mashine ilikuwa imechimba vishimo vinne na stuli imelainisha mahali pake. Chini ya zile tano palikuwa pazima, hapana alama yoyote.

Aliinuka. Wakati huo huo Adero alitaka kupita achukue uzi, akamgonga Mercyline kwa kiuno, wote wawili wakasema pole. Mutie aliwatazama.

"Mama," akamwambia Mercyline, "mnafanya kazi na huyu?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

Mercyline alifungua mdomo. Walikuwa wametajiana majina asubuhi ile, lakini kwa wasiwasi lilikuwa limemtoka. "Sister," alisema.

Mutie akafunga mkoba. Hakukasirika, nadhani ingekuwa afadhali angekasirika. "Mama Benard, sweta ni nzuri sana. Lakini watu wanaofanya kazi chumba kimoja hawagongani. Hizi mashine ni za kuazima."

"Si za kuazima," Kageha alisema. "Ni zangu."

"Hata wale wa kuku walisema hivyo."

Na hapo hapo, wasomaji wangu, mlango ukazibwa na ngazi. Nyuma ya ngazi alikuwepo fundi na bati moja jipya, na nyuma ya fundi Kiragu, kofia kichwani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alikuwa amekuja wiki hiyo aliyosema.

Kiragu aliona mashine sita. Alisimama kidogo.

"Habari za wageni," Kiragu alisema. "Endeleeni tu. Fundi, panda." Alitazama mashine zile tena, halafu akamtazama Kageha kwa upole, akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa shida za wenzake. Naye alidhani ni za kuazima.

"Wewe mzee ni nani hapa?" Mutie aliuliza.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Vizuri. Mwenye nyumba hana sababu ya kumtetea mpangaji. Huyu mama ana mashine ngapi?"

"Moja," Kiragu alisema bila hata kufikiri. "Usiulize mtu mwingine. Nimeingia hapa kila mwezi miaka kumi na moja. Angekuwa na ya pili ningejua, kazi yangu ni kujua, na kodi yake isingekuwa hii. Huyu ni mtu wa Mungu, bwana. Ana mashine moja na shida nyingi. Kama wameazimana leo, msimlaumu sana. Ni njaa."

Alisema kwa nia njema kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa Kianda kumsikia Kiragu akimwombea mpangaji.

Mutie akageuka kuelekea mlango.

Nataka uone Kageha aliposimama, maana mimi nikimwaza pale napata joto. Akinyamaza, neno la Kiragu linasimama: mashine ni za watu, jioni zinarudi, kodi inabaki ile ile, na Januari watoto mia nne na hamsini wanavaa jina la mwenye duka. Akisema kweli, itabidi aiseme mpaka Mutie aamini, na maneno yatakayomwaminisha Mutie yatamwaminisha Kiragu pia. Hakuna namna ya kumnong'onezea mmoja. Alimwangalia Adero, na Adero, ambaye mdomo wake hauna breki, alisema taratibu, "Mathe, mficha uchi hazai."

"Mzee Kiragu," Kageha akaita. "Subiri nikuulize. Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na sita, mwezi wa tano, nilichelewesha kodi wiki mbili. Nilikuambia nini?"

Kiragu hana daftari, ana kichwa. "Ulisema kijana amefukuzwa shule kwa ajili ya karo."

"Kijana alikuwa darasani. Nilinunua hiyo iliyo karibu na dirisha."

Kiragu alitabasamu, akidhani ni mzaha wa mbele ya wageni.

"Mwaka uliofuata, Agosti?"

"Mama mkwe alilazwa."

"Mama mkwe alikuwa shambani anapalilia. Nilinunua hiyo anayofuma Adero. Mwaka wa kumi na tisa nilikuambia nini?"

"Ulifiwa na mjomba," Kiragu alisema, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Nilikupa mia mbili ya rambirambi."

"Mjomba alikufa nikiwa msichana. Hiyo ya kona. Mia mbili yako imo." Hakuacha. "Mwaka jana nikasema wezi wamevunja wakabeba uzi wote."

"Kufuli iliyo kwenye mlango huu," Kiragu alimwambia Mutie, "niliinunua mimi. Nilikwenda kwa vijana wa huku nikawagombeza. Mmoja nilimwita mwizi kwa jina." Akamgeukia Kageha. "Hakukuwa na wezi?"

"Hapakuwa na wezi, Mzee. Hiyo ya nyuma yako."

Kiragu alisogea mbele hatua moja, kama ilikuwa inamgusa mgongoni. Fundi alikuwa ameacha kugonga, ameinamisha kichwa kwenye tundu la bati anasikiliza. Wale wanawake wanne walitazama chini. Mutie hakuwa ametoka. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Hizo ni nne," Kiragu alisema polepole. "Na ya zamani, tano. Hapa naona sita."

"Iko ya korona," Kageha alisema.

"Usiniambie."

"Mzee..."

"Mama Benard, usiniambie hiyo." Alivua kofia. Hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, ana upara mdogo unaong'aa. "Mwaka ule shule zimefungwa nilikuja hapa nikakukuta umekaa huna hata sweta iliyoraruka ya kurekebisha. Nikakusamehe kodi miezi miwili. Hakuna mtu mwingine nilisamehe. Nilimwambia mke wangu, kuna mama mmoja kule Kianda anafuma hewa. Akakuweka kwenye maombi. Mpaka leo anakutaja."

Kageha aliona aibu ambayo hakuwa ameitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Kiragu miaka kumi na moja, alikuwa na majibu yake yote. Kwa huruma yake hakuwa amejiandaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mashine zilishuka bei mwaka ule," alisema. "Wenye nazo walikuwa wanarudi nyumbani, wanauza kwa bei ya kutupa. Ile kodi ya miezi miwili nilikuwa nayo, Mzee. Nilikuwa nimeifunga kwenye leso. Uliponisamehe nilienda nikanunua ya tano. Kwa pesa yako."

Nje Sella aliwaita mapacha wake waje wale.

Mutie ndiye aliyetangulia kutikisika. Alivuta stuli, akakaa, akafungua mkoba kwenye magoti. "Mimi nimeona maigizo mengi," alisema. "Mashine hukodiwa. Hata watu hukodiwa. Lakini uso wa huyu mzee haujakodiwa." Akatoa karatasi ya oda, akajaza idadi, akajaza tarehe. Kisha akainua kichwa. "Masharti ni haya. Mashine zikae hapa. Nitakuja siku yoyote bila kupiga simu, na nikikuta wanagongana tena navunja. Jina la biashara?"

Kageha hakuwa nalo. Miaka yote hiyo alikuwa amelikwepa.

"Andika Kageha."

"Kageha nani? Kageha Enterprises?"

"Kageha tu."

Akaandika. Akatia muhuri, akasalimu kila mtu kwa mkono, akamwambia Kiragu pole, akaenda zake. Mercyline alianza kupiga kigelegele, akatazama pale aliposimama Kiragu, akakimeza.

Kiragu hakuondoka. Aliungoja msumari wa mwisho upigwe, akamwambia fundi ateremke, akalitazama lile bati jipya kutoka chini kwa muda. Halikuwa na tatizo. Kisha akauliza, bila kumtazama Kageha, "Ya tano ni ipi?"

Kageha alimwonesha. Ilikuwa ya kati, upande wa kushoto. Jirani yake Mercyline aliondoka kwenye stuli bila kuambiwa. Kiragu alisimama mbele ya mashine, akashika mpini, akausukuma mara moja mpaka mwisho, akaurudisha. Mstari mmoja wa kijani ulitokea.

"Ni nyepesi," alisema.

"Ndiyo nzuri kuliko zote," Kageha alisema, na ilikuwa kweli.

Kiragu alivaa kofia. "Kuanzia mwezi ujao ni elfu tisa."

Ilikuwa elfu nne na mia tano. Adero alivuta pumzi, akamtazama Kageha, maana kila mtu pale alijua kwamba Mama Benard kwa kubembeleza kodi hana mpinzani Kianda nzima, ana kijana, ana mama mkwe, ana wajomba. Kageha naye alifungua mdomo kwa mazoea. Maneno yalikuwepo, yamepangana tayari. Aliyatazama yote na hakupata hata moja la kutumia.

"Sawa, Mzee," alisema.

Kiragu alingoja kidogo, kama mtu aliyezoea kusikia zaidi. Halafu akabeba ngazi yake mwenyewe akaondoka.